Waulize majirani kwanza: namna ya kuwafundisha wanafunzi kupima tovuti

Mtu anayetaka kununua kiwanja Moshono au Pasua haridhiki na karatasi anazoonyeshwa na muuzaji, hata zikiwa na mihuri mitatu. Huenda kwa mwenyekiti wa mtaa, huwauliza majirani wa mpakani, hupita ofisi ya ardhi. Karatasi huisoma baadaye. Mwanafunzi wa Arusha au Moshi anaijua desturi hii, maana nyumbani ameshasikia habari za kiwanja kilichouzwa mara mbili. Anzia hapo. Kabla hujasoma alichoandika mwenye tovuti, sikia wengine wanasema nini juu yake.

Mafunzo mengi huenda kinyume. Mwanafunzi hupewa orodha ya maswali ya kuikagua tovuti akiwa ndani yake: ina jina la mwandishi? Ina tarehe? Lugha ni safi? Ina ukurasa wa "Kuhusu sisi"? Ina alama ya kufuli kando ya anwani? Tapeli mwenye akili anatimiza yote hayo kwa mchana mmoja. Violezo vya tovuti ni vya bure, programu za akili mnemba zinaandika Kiswahili na Kiingereza kisicho na kosa, na cheti kinacholeta kufuli hutolewa bure na Let's Encrypt tangu mwishoni mwa 2015. Kufuli lina maana moja tu, kwamba mawasiliano kati ya kompyuta yako na tovuti hiyo yamefichwa yasisomwe njiani. Halisemi aliye upande wa pili ni nani. Watengenezaji wa Chrome waliliondoa kufuli kwenye sehemu ya anwani mwaka 2023, kwa sababu watu wengi walilichukua kama muhuri wa uaminifu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walilitazama jambo hili mwaka 2017. Waliwapa tovuti za kupima wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hicho na wahakiki wa habari 10. Wasomi wengi walibaki ndani ya ukurasa, wakausoma kwa makini kutoka juu hadi chini, na nembo nzuri pamoja na jina lenye heshima vikawapoteza. Wahakiki walitupa jicho tu, wakafungua vichupo (tab) vipya na kwenda kuuliza kwingine. Walitumia muda mfupi na wakapatia zaidi. Hiyo ndiyo stadi ya kufundisha, na Kidato cha Kwanza anaiweza.

Maandalizi

Vipindi vitatu vya dakika 80 vinatosha, ukiviachanisha kwa wiki moja moja. Darasa la wanafunzi 45 lenye kompyuta 15 ligawe watatu watatu: mmoja anashika kipanya, mmoja anaandika, wa tatu ni mpinzani ambaye kazi yake ni kuuliza "umejuaje?" Badilisha zamu kila baada ya tovuti mbili, la sivyo mwenye kompyuta nyumbani atashika kipanya hadi kengele. Kama kompyuta ni 5 tu, tumia projekta moja na uvumilivu. Darasa linaamua kwa kura kichupo kinachofuata kuwa kipi, na wewe unabofya.

Kabla ya siku yenyewe fungua kurasa zote kwenye kompyuta za wanafunzi, kwa intaneti ileile ya shule. Ukurasa unaofunguka vizuri kwenye simu yako jioni unaweza kugoma asubuhi, kompyuta 15 zinapogombania laini moja. Zima upakuaji wa masasisho ya Windows siku hiyo, maana ndio unaomaliza bando kimyakimya. Piga picha za skrini za kila ukurasa pamoja na matokeo ya utafutaji wake, uziweke kwenye flashi na nakala moja ya karatasi kwa kila kikundi. Umeme ukikatika, somo linaendelea kwa karatasi: mwanafunzi anasema "ningetafuta hivi", nawe unamkabidhi karatasi ya matokeo ya utafutaji huo.

Chagua kurasa 6, na 3 kati ya hizo ziwe nzuri kabisa. Hili lisipuuzwe. Mwalimu akileta kurasa za uongo tupu, wanafunzi wanajifunza kujibu "uongo" kwa kila kitu na wanapata alama zote bila kupima chochote. Baada ya wiki mbili utawasikia wakisema mtandaoni kila mtu anadanganya, na anayeamini hivyo ni rahisi kumdanganya kama yule anayeamini yote, maana ataishia kumfuata anayempendeza.

Walimu wengi hupenda kutumia tovuti ya pweza anayeishi juu ya miti, mzaha wa Kimarekani wa mwaka 1998. Inachekesha, lakini siipendekezi. Mtoto wa Himo hatatapeliwa na pweza. Atatapeliwa na ukurasa wa ajira, wa mkopo, wa matokeo ya mtihani au wa dawa ya vidonda vya tumbo.

Somo la kwanza: kusoma anwani

Andika ubaoni anwani hizi. "Tovutifulani" ni jina la kubuni, nyingine ni za kweli:

onlinesys.necta.go.tz
necta.go.tz.tovutifulani.com
tovutifulani.com/necta.go.tz/matokeo
selform.tamisemi.go.tz
necta-go-tz.tovutifulani.com
mocu.ac.tz

Kanuni ni hii: tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, usimame hapo, kisha soma kurudi kushoto. Kinachokaa karibu kabisa na mkwaju ndicho jina lililosajiliwa, na ndiye mwenye nyumba. Kama hakuna mkwaju, anza mwisho wa anwani. Kwa anwani za Tanzania chukua sehemu tatu za mwisho, yaani necta.go.tz. Kwa .com chukua mbili, tovutifulani.com. Vilivyo kushoto zaidi ni vyumba vya nyumba hiyo, na mwenye nyumba huvipa jina lolote alitakalo, hata "necta". Wanafunzi wapige mstari chini ya jina la mwenye nyumba katika kila anwani. Ya pili, ya tatu na ya tano ni za mtu mmoja, na hakuna hata moja ya Baraza la Mitihani.

Kosa utakaloliona sana ni mwanafunzi kusoma kutoka kushoto, akaona "necta.go.tz" na kuridhika. La pili ni kistari: kwa macho ya haraka, necta-go-tz na necta.go.tz ni kitu kimoja. Waambie wazisome kwa sauti, "necta nukta go nukta tizedi", na kistari nacho kitajwe. Kwenye simu tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu kivinjari huonyesha kipande tu cha anwani, hivyo wafundishe kuigusa ili ionekane yote.

Kisha wape maana ya miisho. .go.tz hupewa taasisi za serikali tu, .ac.tz vyuo, .sc.tz shule, .or.tz mashirika yasiyo ya kibiashara, .co.tz biashara. Upande wa kimataifa, .int ni ya mashirika yaliyoundwa kwa mkataba kati ya nchi, kama eac.int ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake hapo Arusha. .com, .net na .org anauziwa yeyote mwenye fedha. Hapa simama kidogo, kwa sababu vitabu vingi bado vinaandika kwamba .org ni ya mashirika yanayoaminika. Ilikusudiwa mashirika, lakini hakuna anayeulizwa cheti cha usajili mlangoni.

Usiruhusu somo liishie kwenye "go.tz kweli, com uongo". Tovuti ya serikali huweza kudukuliwa au kubaki na tangazo la miaka minne iliyopita, na magazeti mengi mazuri duniani yako kwenye .com. Mwisho wa anwani unakutajia mwenye nyumba. Kama asemayo ni kweli, hilo linapimwa katika masomo yanayofuata.

Somo la pili: kutoka nje

Hili ndilo kubwa, lipe kipindi kizima na muda wako mwingi wa maandalizi. Kila kikundi kinapewa tovuti na dakika 4. Sekunde 30 za kwanza wanaangalia tovuti inajiita nani na inataka nini kutoka kwa msomaji: asome, anunue, alipe, ajaze namba ya NIDA? Baada ya hapo ni marufuku kubaki ndani. Wafungue kichupo kipya na kutafuta jina la mwenye tovuti. Namna tatu za kutafuta zinatosha:

Jina ndani ya alama za kunukuu, pamoja na neno la shaka: "utapeli", "malalamiko", "leseni". Warudie kwa Kiingereza, maana wageni waliodhulumiwa huandika kwa Kiingereza na wenyeji kwa Kiswahili.

Jina pamoja na -site:tovutifulani.com, ili tovuti yenyewe isijitokeze kwenye majibu.

Jina pamoja na site:go.tz, kuona kama kuna taasisi yoyote ya serikali inayoitaja.

Majibu yakija, wasibofye la kwanza kwa pupa. Wasome mistari yote ya ukurasa wa majibu kwanza: nani anazungumza, anwani gani, mwaka gani. Jibu la juu mara nyingi ni tangazo la kulipiwa lenye alama ndogo pembeni, na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vitone vitatu vilivyo kando ya jibu la Google hufungua maelezo mafupi kuhusu tovuti hiyo, na wanafunzi wachache wamewahi kuvigusa.

Kwa Arusha na Moshi mfano ulio tayari ni tovuti za kampuni za kupandisha wageni Kilimanjaro. Zipo nyingi, nyingi kati yake ni za watu halali, na watoto wana ndugu wanaofanya kazi ya uongozaji au upagazi. Chukua moja nzuri, na ya pili itengeneze mwenyewe kwenye karatasi. Wanafunzi wapime mambo haya.

Leseni. Kampuni ya utalii huhitaji leseni ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo mjini wote wanaiita TALA. Picha ya cheti cha TALA kwenye tovuti ni picha tu. Nembo ya TATO, chama cha mawakala wa utalii, nayo hunakiliwa kwa sekunde moja. Nembo ni dai, kwa hiyo waende kwenye tovuti ya chama chenyewe na kutafuta jina la kampuni katika orodha ya wanachama. Waingie huko kwa kutafuta wenyewe, wala wasifuate kiungo walichowekewa na kampuni.

Umri. Tovuti inasema "tangu 1998". Kwa majina ya .com na .org, lookup.icann.org huonyesha tarehe ya usajili wa jina. Likiwa limesajiliwa miezi mitatu iliyopita, kuna swali la kujibiwa. Lakini swali si hukumu: kampuni huweza kubadili jina, na 1998 kampuni nyingi za huku hazikuwa na tovuti. Mashine ya kumbukumbu iliyopo web.archive.org huonyesha tovuti ilivyokuwa miaka ya nyuma. Wanafunzi huipenda sana, kwa hiyo iwekee mpaka wa dakika 2.

Picha. Bofya picha kwa kitufe cha kulia na uchague kuitafuta kwa Google Lens, au ipakie kwenye tovuti ya TinEye. Picha ya "wapagazi wetu" ikionekana kwenye tovuti nyingine tisa, wapagazi hao si wake.

Maarifa ya nyumbani. Hapa watoto wa Moshi wanawapita wale wahakiki wa utafiti wa Stanford. Tovuti inayoahidi kulala kwenye vibanda kwa njia ya Machame imekosea: vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo viko njia ya Marangu, na Machame hulalwa mahemani. Picha ya Mawenzi iliyoandikwa "kilele cha Uhuru" itatambulika kabla hujamaliza kuuliza. Mtambue mwanafunzi anayetumia anachokijua. Wengi wanadhani kipimo cha ukweli lazima kitoke mbali.

Somo la tatu: dai lenyewe

Tovuti njema huweza kubeba dai bovu, na dai moja huweza kusemwa kwa namna mbili bila mtu kudanganya. Anza na kimo cha mlima. Tovuti nyingi zinaandika mita 5,895, chache zinaandika 5,892. Mwanafunzi ataamua wingi ushinde. Mrudishe kwenye chanzo: 5,895 inatokana na upimaji wa mwaka 1952, na 5,892 ilipatikana kwa upimaji wa setilaiti wa mwaka 1999. Wote walipima, kwa vifaa tofauti, na serikali na vitabu vikabaki na namba ya zamani. Azimio la Arusha ni hivyohivyo: kuna kurasa zinazotaja Januari 1967 na nyingine Februari 5, 1967. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari, na Azimio likatangazwa Februari 5. Kinachotofautiana ni tukio linalohesabiwa.

Kisha barafu. Bado zipo kurasa zinazosema barafu ya Kilimanjaro itakwisha kati ya 2015 na 2020. Dai hilo halikutungwa na wapiga porojo. Lilitokana na makala ya mwaka 2002 ya timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State. Miaka hiyo imepita, barafu imepungua sana lakini ipo, na mwanafunzi wa Kibosho anaweza kutoka nje asubuhi isiyo na mawingu akaiona. Waulize: ukurasa ulioandikwa 2003 ukanukuu makala hiyo ulikuwa mwongo? Na ulioandikwa mwaka huu ukarudia maneno yaleyale? Mjadala huu huchukua dakika 20, wala usiukatishe, kwa sababu hapo ndipo tarehe ya ukurasa inapopata maana kuliko kuwaambia "angalia tarehe" kama sala.

Zoezi la mwisho la kipindi: chukua sentensi nzima ya dai, iweke ndani ya alama za kunukuu, itafute. Tovuti tano zikiwa na sentensi ileile neno kwa neno, una shahidi mmoja na watu wanne waliodesa kwake. Watafute wa kwanza kwa kulinganisha tarehe na kwa kufuata viungo kurudi nyuma. Dai la kiafya au la kisiasa linaloenea Tanzania linaweza kuwa limeshachunguzwa na JamiiCheck, Nukta Fakti, PesaCheck au Africa Check, kwa hiyo wajifunze kuandika jina la mmojawapo kando ya dai wanapotafuta.

Wikipedia isipigwe marufuku. Ni mahali pazuri pa kumuulizia mtu au shirika kwa dakika moja, mradi mwanafunzi ashuke hadi kwenye tanbihi na kufungua angalau mbili. Akitumia programu ya akili mnemba, masharti yawe makali zaidi: programu hizo hutunga vitabu na makala ambavyo havipo, vikiwa na majina ya waandishi na miaka. Kila chanzo ilichotaja lazima kifunguliwe. Kisichopatikana kinafutwa pamoja na sentensi iliyokitegemea.

Kusahihisha

Ukitoa alama kwa "kweli" au "uongo", wataangaliziana. Toa 10 hivi: 5 kwa njia, yaani alifungua tovuti gani za nje na kila moja ilisema nini, 3 kwa kutaja anaiamini tovuti kwa jambo gani na haiamini kwa jambo gani, 2 tu kwa uamuzi. Ile 3 ya katikati ndiyo ngumu. Tovuti ya hoteli inaaminika kwa bei ya vyumba vyake, haiaminiki inaposema ndiyo bora kuliko zote Arusha. Tovuti ya kiwanda cha dawa inaaminika kwa anwani ya kiwanda. Mwanafunzi anayeandika "naiamini" bila kusema kwa jambo gani apate 1. Anayeandika "sijapata ushahidi wa kutosha, nimetafuta hivi na hivi" apate zote, kwa sababu dakika 4 nyakati nyingine hazitoshi hata kwa mhakiki.

Wanafunzi wengine wataomba kutengeneza tovuti ya uongo ili kuwapima wenzao. Ni zoezi zuri, mradi libaki kwenye karatasi au kwenye kompyuta isiyo na intaneti, bila nembo ya taasisi yoyote ya kweli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha taarifa za uongo, na ukurasa ukishapanda mtandaoni hakuna atakayejua ulikuwa wa darasani.

Kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni, kazi ya nyumbani ifanyike kwa simu ya mzazi au mlezi, na mwenye simu akiwepo. Mwanafunzi amwombe kiungo kimoja alichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, kiwe cha ajira, mkopo au dawa. Anwani yake ainakili kwenye daftari bila kukifungua, apige mstari chini ya jina la mwenye nyumba, atafute jina hilo kwa namna zile tatu, kisha aandike mistari mitano. Kama ni ujumbe wa meseji unaodai fedha, amwonyeshe mzazi namna ya kuupeleka namba 15040 ya TCRA pamoja na namba ya aliyeutuma. Namba za watu na majina ya makundi visiingie kwenye daftari linalokusanywa.